Namna ya Kuoka Kuku Mzima wa Sikukuu, Pamoja na Viazi na Mchuzi Wake

Kila sikukuu inapokaribia, wapishi wapya huniuliza maswali yale yale matatu: kwa nini kidari cha kuku kilikauka ilhali paja lilikuwa halijaiva, kwa nini ngozi ililegea kama iliyochemshwa, na kuku mzima aokwe kwa dakika ngapi. Nimeyajibu mara nyingi, kila mtu kwa wakati wake, na sasa nimeona heri majibu yote yakae mahali pamoja kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa zaidi siku moja kabla, oveni ikiwa bado haijawashwa. La tatu halijibiwi kwa dakika, bali kwa nyuzi za joto.

Hiki ndicho chakula ninachokipenda kuliko vyote vya sikukuu, kwa sababu kazi moja huzaa mambo manne: nyama, viazi vilivyokolea mafuta, mchuzi unaotokana na yaliyoganda kwenye trei, na siku ya pili supu ya mifupa. Vipimo vilivyomo humu ni vya kuku mmoja wa kilo 1.6 hadi 1.8, anayewatosha watu wanne au watano. Wageni wakizidi, oka kuku wawili wa kadiri hiyo badala ya mmoja mkubwa sana, kwani kuku anavyozidi ukubwa ndivyo kidari kinavyosubiri paja kwa muda mrefu zaidi, na kusubiri huko ndiko kunakokikausha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kuku awe mchanga, wa kufugwa kwa ajili ya nyama. Kuku aliyetaga kwa muda mrefu ana ladha nzuri, lakini nyama yake ni ngumu na hutaka kuchemshwa polepole. Ukimwoka kwa njia hii utajichosha bure.

Kwa kuku: chumvi laini gramu 18 (takriban vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa), kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga iliyosagwa, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia, limau moja, kitunguu saumu kizima kimoja na vitunguu maji viwili vikubwa.

Kwa viazi: kilo moja ya viazi vyenye unga mwingi, nusu kijiko cha chai cha magadi soda, chumvi, na mafuta ya kupikia vijiko vinne vya chakula.

Kwa mchuzi: unga wa ngano vijiko viwili vya chakula, na supu ya kuku nusu lita, ambayo unaweza kuipata kwa kuchemsha shingo na firigisi za kuku huyo huyo kwa maji, kipande cha kitunguu na chumvi kidogo.

Vyombo: trei mbili za kuokea zenye kingo, wavu wa chuma unaoingia ndani ya trei mojawapo, taulo za karatasi, karatasi ya alumini, chujio, ubao wa kukatia, kisu kikali na kipimajoto cha nyama. Wengi huuliza kama kipimajoto ni cha lazima. Kwa maoni yangu, ukiwa na fedha za kununua kifaa kimoja tu cha jikoni mwaka huu, nunua hicho. Kabla ya kukitumia, kijaribu: jaza kikombe barafu iliyopondwa, mimina maji kidogo, koroga, kisha chovya ncha yake katikati. Kisome sifuri au karibu nayo. Kikisoma tatu, basi ujue kinazidisha nyuzi tatu, nawe utazipunguza katika hesabu yako.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

1. Yeyusha barafu yote. Kuku aliyetoka kwenye friza aingie sehemu ya chini ya friji, juu ya sahani yenye kina, kwa muda wa saa 24 au zaidi kidogo. Ukichelewa, mtie ndani ya mfuko usiopitisha maji, umzamishe katika maji baridi, na ubadilishe maji hayo kila baada ya nusu saa. Kuku wa ukubwa huu atakuwa tayari kwa saa mbili hivi. Usimwache mezani usiku kucha, kwa sababu nje huwa vuguvugu na kuzaa vijidudu huku ndani bado kuna barafu. Ingiza mkono tumboni mwake uguse mbavu kwa ndani kabla ya kuendelea. Mwaka mmoja niliruka ukaguzi huo kwa sababu kuku alikuwa laini kwa nje. Saa moja na nusu baadaye mapaja yalikuwa yamepata rangi nzuri ya dhahabu, lakini karibu na uti wa mgongo nyama ilikuwa baridi, na wageni walikuwa wameshanawa mikono.

2. Usimwoshe kuku, mkaushe. Najua wengi tumelelewa tukiosha kila nyama. Hata hivyo, maji ya bomba yanayogonga kuku hurusha matone yenye vijidudu kama Salmonella na Campylobacter hadi kwenye sinki, vyombo na nguo zako, wala hayaviui. Kinachoviua ni joto la oveni. Toa shingo na viungo vya ndani, ng'oa mabonge ya mafuta yaliyo kwenye mlango wa tumbo, kisha mfute kwa taulo za karatasi nje na ndani, ukiinua mabawa na kupanua mapaja ili ufikie mikunjo yote. Endelea kufuta hadi taulo itoke kavu. Nawa mikono kwa sabuni, na usafishe sinki na meza papo hapo.

3. Mtie chumvi siku moja kabla. Changanya chumvi na pilipili manga. Theluthi moja ipake ndani ya tumbo, na iliyobaki inyunyize nje, ukiinua mkono kiasi cha shubiri mbili juu ya kuku ili ienee vizuri badala ya kuangukia mahali pamoja. Kidari na mapaja ndiyo manene, basi yapate sehemu kubwa. Mabawa yanataka kidogo tu. Katika saa ya kwanza utaona matone ya maji yakijitokeza juu ya ngozi na utadhani umeharibu kazi. Subiri. Maji hayo huyeyusha chumvi, kisha hurudi nayo ndani ya nyama, na nyama iliyopenywa na chumvi huyashika majimaji yake vizuri zaidi inapopata moto. Ukitia chumvi dakika chache kabla ya kuoka, utamkatiza njiani, maji yakiwa bado juu ya ngozi. Ikiwa muda umekubana hivyo, mtie chumvi wakati wa kuingia oveni tu, na ukubali kwamba nyama ya ndani haitakolea.

4. Mlaze kwenye friji bila kumfunika. Awe juu ya wavu ndani ya trei, kidari kikitazama juu, kwenye rafu ya chini kabisa, mbali na vyakula vinavyoliwa bila kupikwa. Hewa baridi ya friji huikausha ngozi. Asubuhi ukiigusa utaikuta imekaza, haishiki kidole, na inang'aa kidogo kama karatasi iliyopakwa mafuta ikakauka. Hiyo ndiyo ngozi itakayolia meno yakiitafuna. Ngozi iliyolowa haiwezi kubadilika rangi mpaka maji yote yageuke mvuke, na mvuke huo huipika ikalegea. Saa 12 zinatosha. Saa 24 ni bora zaidi.

5. Panga saa zako kutoka wakati wa kula kurudi nyuma. Tuseme mnakula saa saba kamili mchana. Kuku atoke kwenye friji saa nne na nusu, na oveni iwashwe wakati huo huo kwa nyuzi 220 za Selsiasi (kama oveni yako ina feni, tumia 200). Aingie saa tano na dakika tano. Viazi viingie saa sita kasorobo. Kuku atoke saa sita na dakika ishirini na tano au karibu na hapo, apumzike, nawe upike mchuzi. Akatwe saa saba kasoro dakika kumi. Iandike ratiba hiyo kwenye karatasi uibandike ukutani, kwa maana siku yenyewe kutakuwa na kelele za watoto na watu wakiuliza vijiko viko wapi.

6. Mwandae kwa oveni. Kata vitunguu maji vipande vinene, uvitandaze chini ya trei, umwagie maji kikombe kimoja cha chai. Vitunguu hivyo vitazuia mafuta yanayodondoka yasiungue na kutoa moshi, kisha vitakuwa msingi wa mchuzi. Weka wavu juu yake na kuku juu ya wavu. Ndani ya tumbo tia nusu ya limau na kitunguu saumu kilichokatwa katikati, basi. Usimjaze tumbo mkate, wali au kitu kingine cha kuliwa, kwani vitu hivyo hunyonya maji ya kuku mbichi na vitahitaji kufika nyuzi 74 navyo, na kufikia hapo kidari kitakuwa kimekauka. Mpake mafuta kwa mkono. Siagi ina harufu nzuri zaidi, lakini ndani yake mna maji, kwa hiyo mimi hutumia mafuta kwa nje, na siagi naiweka kwa ajili ya mchuzi. Kunja ncha za mabawa nyuma ya mgongo zisiungue. Miguu usiifunge kwa kukaza. Ikiachwa wazi, joto hufika ndani ya mapaja, na mapaja ndiyo yanayochelewa.

7. Mwoke. Mwingize miguu ikielekea nyuma ya oveni, ambako kwa kawaida ndiko kwenye joto kali zaidi. Baada ya dakika 20, punguza hadi nyuzi 190 (au 170 kwa oveni ya feni). Kuanzia hapo kazi yako kubwa ni kuuacha mlango ukiwa umefungwa. Watu wengi humwagia kuku mafuta ya trei kwa kijiko kila robo saa wakiamini wanamlainisha; ukweli ni kwamba wanailowesha ngozi waliyoikausha usiku kucha na kutoa joto nje. Chungulia kupitia kioo. Kidari kikianza kuwa cheusi kabla ya wakati, kifunike kipande kidogo cha karatasi ya alumini, kidari peke yake.

8. Andaa viazi kuku akiwa motoni. Vimenye, uvikate vipande vya ukubwa wa yai dogo, uvitie katika maji yanayochemka yenye chumvi na magadi soda. Magadi soda hulegeza uso wa kiazi ukawa kama uji mzito, na uji huo ndio unaogeuka ganda kavu. Usizidishe nusu kijiko, la sivyo utaisikia ladha yake. Baada ya dakika 10, mwaga maji yote, uviache ndani ya sufuria wazi dakika tatu hadi mvuke uishe, kisha funika na uitikise sufuria kwa nguvu mara kadhaa mpaka kingo za vipande zichakae. Mimina mafuta kwenye trei ya pili, uipashe moto ndani ya oveni, ndipo uweke viazi. Visikie vikichacharika vinapogusa mafuta. Acha nafasi kati ya kipande na kipande. Vigeuze mara moja tu, katikati ya safari.

9. Pima joto, usihesabu dakika. Anza kupima baada ya dakika 60 tangu kuku aingie. Wengi wa ukubwa huu huiva kati ya dakika 70 na 80. Chomeka kipimajoto sehemu nene ya kidari, karibu na bawa, kisha ndani ya paja pale linapoungana na mwili, ncha isiguse mfupa, kwa kuwa mfupa una joto lake na utakudanganya. Kila sehemu sharti ifike nyuzi 74, ambayo ni kiwango cha usalama kwa nyama ya kuku. Paja lenyewe huwa tamu zaidi likifika 80, kwani kano zake hulainika kwa joto la juu kuliko kidari. Usitegemee rangi. Kuku wachanga mifupa yao hutoa wekundu unaopaka nyama iliyo jirani hata ikiwa imeiva kabisa, na wapo ambao majimaji yao huwa meupe kabla ya kufika kiwango cha usalama.

10. Mpumzishe dakika 20. Mhamishie kwenye ubao, bila kumfunika. Wengi hapa humzungushia karatasi ya alumini asipoe. Mvuke unaonaswa humo hurudi kwenye ngozi na kazi ya siku nzima hupotea kwa dakika tano. Kuku mzima hapoi haraka namna hiyo. Wakati huo pandisha oveni hadi 220 tena ili viazi vimalizie.

11. Pika mchuzi kwenye trei ile ile. Mimina mafuta na majimaji ya trei kwenye bilauri, uyaache yatulie. Mafuta yatapanda juu. Rudisha vijiko viwili vya mafuta kwenye trei pamoja na vitunguu vilivyobadilika rangi, weka trei juu ya moto mdogo, tia unga, ukoroge kwa mwiko dakika mbili hadi harufu ya unga mbichi iishe na ubaki na harufu ya njugu zilizokaangwa. Ongeza majimaji ya bilauri, halafu supu, kidogo kidogo, huku ukikwangua yale mabaki ya hudhurungi yaliyoshika trei. Hayo ndiyo ladha yenyewe; trei ikioshwa kabla ya hapo, mchuzi umekwenda nayo. Acha uchemke polepole dakika saba, uchuje, ukamulie limau lililobaki, kisha onja kabla ya kutia chumvi yoyote, kwa sababu majimaji ya kuku tayari ni ya chumvi. Kipande cha siagi mwishoni huung'arisha.

12. Kata. Vuta paja nje mpaka kiungo kijitokeze, upitishe kisu katikati ya kiungo; ukikuta ugumu, uko kwenye mfupa, sogeza kisu kidogo. Kidari kitoe kizima kila upande kwa kufuata mfupa wa kati, ndipo ukikate vipande vya kukingama, kila kimoja na ngozi yake. Mgeuze kuku: kando ya uti wa mgongo, karibu na mapaja, mna vipande viwili vidogo vya duara, laini kuliko nyama yote. Hivyo ni haki ya mpishi. Majimaji yaliyobaki ubaoni yarudi kwenye mchuzi.

Mambo yakienda kombo

*Kidari kimeiva, paja bado.* Tenganisha mapaja na mwili kwa kisu, uyarudishe oveni peke yake dakika 10 hadi 15. Hakuna aibu yoyote. Mezani kuku atafika akiwa amekatwa vilevile.

*Ngozi imelegea.* Ikiwa bado hujamkata, mrudishe kwenye oveni ya nyuzi 230 kwa dakika tano hadi saba, ukimwangalia bila kuondoka. Mara nyingine, kagua hatua ya pili na ya nne, kwani mara nyingi kosa huwa huko.

*Nje ameungua na ndani mbichi.* Ama hakuyeyuka vizuri, ama oveni yako inadanganya. Vitufe vya oveni nyingi hukosea kwa nyuzi 10 hadi 20. Weka kipimajoto cha oveni ndani yake uione tofauti, uiandike.

*Kidari kimekauka.* Kilipita 74 kwa mbali. Kikate vipande vyembamba, uvilaze ndani ya mchuzi wa moto dakika moja kabla ya kupakua.

*Mchuzi una mabonge.* Supu iliingia yote kwa mpigo. Upitishe kwenye chujio ukikandamiza kwa mgongo wa kijiko. Ukiwa mwepesi mno, uchemshe zaidi. Usiongeze unga mkavu moja kwa moja.

*Viazi ni laini, havina ganda.* Trei ilijaa kupita kiasi, au mafuta hayakuwa ya moto. Vihamishie sehemu ya juu ya oveni, na ugawe katika trei mbili ukiweza.

*Oveni ni ndogo, au muda ni mfupi.* Kata uti wa mgongo kwa mkasi imara pande zote mbili, uutoe, mgeuze kuku na kumkandamiza kidari hadi mfupa ulie na alale bapa. Akilala hivyo, huiva kwa dakika 45 hivi kwa nyuzi 220, kidari na paja kwa pamoja. Kwa anayeanza, pengine hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, ingawa kuku hapendezi sana anapofikishwa mezani.

*Kimebaki chakula.* Kitie friji kabla saa mbili hazijapita tangu kuku atoke motoni, nyama ikiwa imetolewa mifupani, na ikiliwa ndani ya siku tatu au nne. Unapoipasha tena, ifike nyuzi 74. Mifupa itie sufuriani jioni hiyo hiyo pamoja na kitunguu, karoti na maji ya kuifunika, uiache ichemke kwa moto mdogo sana saa tatu, povu likitolewa, chumvi ikingoja mwisho.